Umeachiwa picha ya Tingatinga au kinyago na babu? Namna ya kukagua kama ni orijino kabla hujauza au kununua

Nafremisha picha hapa Mbeya, na kwa sababu hiyo watu wanaamini najua bei ya kila kitu kinachoning'inia ukutani. Meseji zinazokuja ni zile zile: "kaka, mzee katuachia Tingatinga, tunapata milioni ngapi?", "nimeuziwa kinyago cha mpingo mbona mikono imekuwa myeusi?", "kuna picha ilikuwa kwenye nyumba ya mzungu wa chai kule Mufindi, atakuwa msanii mkubwa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Kitu cha kuelewa mapema: hukagui ili upate sababu za kuamini. Unakagua kutafuta kitu kimoja kinachogoma, mwaka usiokubaliana na karatasi, msumari usiokubaliana na mwaka, hadithi isiyokubaliana na mtu anayeisimulia. Ukitafuta kweli kweli ukakosa, hapo ndo unaanza kuwa na matumaini. Wengi wanafanya kinyume, wanaona jina kubwa kwenye kona, moyo unalipuka, kuanzia hapo kila wanachokiona ni ushahidi.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera nzuri
- Futi kamba, na daftari la kuandikia (siyo kichwani, andika)
- Lensi ya mkononi, ile wanayotumia mafundi saa inatosha kabisa
- Tochi ya kawaida yenye mwanga mkali
- Taa ya UV, ile ya kukagulia noti bandia, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme
- Pamba au kitambaa cheupe safi, na spiriti kidogo (ya vinyago tu, kwenye picha usiitoe hata mfukoni)
- Meza yenye shuka safi, na mtu wa kukusaidia kushika

Onyo kabla hatujaanza: usisafishe. Najua picha imekaa jikoni miaka 20 imejaa moshi, inatia kinyaa, unatamani kuipitishia kitambaa chenye maji na sabuni. Acha. Ule uchafu ndo cheti chake cha kuzaliwa, na rangi ya zamani ikishabanduka hairudi. Usibadilishe fremu pia, na mimi nasema hivyo wakati fremu ndo zinanilisha.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha na upime kabla hujagusa kitu. Mbele nzima, nyuma nzima, kona zote nne, sahihi kwa karibu, kila lebo, muhuri na maandishi ya penseli. Pima urefu na upana bila fremu, kwa sentimita. Andika imetengenezwa kwa nini, imeharibika wapi, imekutwa wapi na nani alikuwa nayo. Hata ikija kuibiwa kesho, rekodi hii ndo polisi wataitaka.

2. Geuza. Anzia mgongoni. Hapa kaa sana, usiwe na haraka. Mtu anayefoji anatumia nguvu zake zote mbele kwa sababu ndiko mnunuzi anakotazama, mgongoni anapaka majani ya chai au kahawa ionekane kuukuu basi.

Chukua hadibodi ya miaka ya 70 iliyokaa ndani ya fremu yake muda wote. Katikati itakuwa imekoza, kahawia ya vumbi na moshi, lakini ule ukanda wa pembeni uliokuwa umefunikwa na fremu utakuwa na rangi iliyo hai zaidi kwa sababu hewa haikuufikia vizuri. Sasa iliyopakwa chai inakoza sawasawa kote, mpaka chini ya fremu, mpaka kwenye kingo zilizokatwa kwa msumeno. Ukiona hivyo jiulize, moshi uliingiaje huko? Angalia na misumari. Msumari uliokaa miaka mingi kwenye mbao, hasa kwa unyevu wa huku kwetu Tukuyu ambako nguo zenyewe hazikauki, unaacha duara la kutu limeingia kwenye nyuzi za mbao. Msumari mpya kwenye tundu safi la mbao "ya zamani", maana yake kuna mtu kapita hapo juzi. Inawezekana ni fundi fremu tu, ndo maana unaandika kwanza, hukumu baadaye. Nyumba ya nyigu ya udongo nyuma ya picha, vinyesi vya nzi, alama za mende, hivyo vyote mimi huwa navifurahia maana ni vigumu kuvitengeneza na hakuna mtu anayepoteza muda kuvitengeneza.

3. Hakikisha imechorwa kweli, siyo printi. Weka lensi kwenye sehemu yenye rangi iliyopauka, angani kwa mfano. Ukiona vidoto vidogo vidogo vya rangi vilivyopangika, hiyo ni printi na kazi yako imeisha. Siku hizi wanaprinti mpaka kwenye kanvasi afu wanapaka vanishi kwa brashi ili ipate mistari, kwa hiyo mulika tochi kutoka pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya picha. Kwenye picha iliyochorwa, mabonde na matuta ya brashi yanafuata umbo la kitu kilichochorwa. Kwenye printi yenye vanishi, mistari inaenda inakojua yenyewe, inakatiza jicho la twiga bila habari. Zile picha za kuviringisha walizoacha Wachina waliojenga TAZARA nazo zikague hivi hivi, usidanganywe na karatasi iliyochakaa.

4. Sahihi iwe ya mwisho kuaminiwa. Jina ndo kitu rahisi kuliko vyote kufoji. Kwa lensi angalia kama sahihi imekaa chini ya uchafu au juu yake. Na angalia nyufa: rangi ikizeeka inapasuka, sahihi ya siku ile ile inapasuka pamoja nayo. Ukikuta rangi ya sahihi imemwagikia ndani ya ufa, iliwekwa baada ya picha kupasuka, yaani miaka mingi baada ya kuchorwa.

Kwa Tingatinga hapa ndo pana vilio. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, jirani zetu wa Ruvuma, alizaliwa 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafa 1972, alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa ni mhalifu. Miaka minne tu. Alichora kwenye vipande vya hadibodi vya mraba, karibu sentimita 60 kwa 60, kwa rangi ya kupaka baiskeli, mara nyingi mnyama au ndege mmoja kwenye uwanja wa rangi moja au mbili. Kwa hiyo picha ya kanvasi yenye tembo, Wamasai, Mlima Kilimanjaro na jua linazama vyote kwa pamoja, halafu kona imeandikwa jina lake, weka chini kistaarabu uendelee na safari yako. Ila usiseme ni feki kila inayofanana na mtindo wake. Ndugu zake na wanafunzi wake, akina January Linda na Adeusi Matambwe na Simon Mpata, walichora kwa majina yao, na ushirika wao uko Dar mpaka leo, hizo ni kazi halali kabisa za wenyewe. Feki inaanza pale mtu anapofuta jina la mwenye kazi na kuweka la marehemu.

5. Zima taa, washa UV. Chumba kiwe giza kweli, funika dirisha kwa blanketi. Vanishi ya zamani huwa inang'aa kijani-njano hivi, na sehemu iliyopakwa rangi juzi juzi mara nyingi inaonekana kama doa jeusi juu yake. Sahihi ikiwa ndo doa jeusi peke yake unajua mwenyewe. Karatasi na kitambaa navyo vimulike: dawa za kung'arisha weupe zilianza kutumika kwenye karatasi kuanzia miaka ya 1950 hivi, kwa hiyo mchoro wa "enzi za Mjerumani" ukiwaka bluu nyeupe una maswali ya kujibu. Tahadhari tu, kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya unga kinawaka pia hata kama ni cha bibi wa bibi.

6. Kama ni kinyago. Mpingo ni mzito, unazama kwenye maji, wengi wa miti inayoigizwa unaelea. Lakini usikitumbukize kinyago cha zamani kwenye karai, kitapasuka, kishike tu mkononi kwanza, utahisi. Afu chukua pamba yenye spiriti kidogo, sugua sehemu ndogo chini ya kitako ambako hakuna anayeona. Pamba ikitoka nyeusi tiii, mara nyingi hiyo ni kiwi au wino juu ya mti mwingine. Mpingo halisi weusi wake uko ndani, na ukikagua chini au kwenye mpasuko wa zamani mara nyingi unakuta ule ukanda wa nje wa mti, rangi ya njano iliyofifia, wachongaji wengine wanauacha makusudi.

Umri sasa. Uchakavu lazima uwe mahali mikono inapofika: kichwani, mabegani, kwenye mpini. Kinyago kilicholainika hadi kwenye vishimo ambako kidole hakiingii, kimesuguliwa kwa msasa. Na mitindo ina tarehe zake. Vile vinyago vya shetani vilivyopinda pinda vilianza miaka ya 1950 na mchongaji Samaki Likankoa, kwa hiyo "shetani wa 1900" hayupo. Barakoa za mapiko za Wamakonde nazo zilichongwa kwa mti mwepesi, maana mtu anazivaa kichwani anacheza ngoma. Ukiuziwa barakoa ya ngoma ya mpingo mzito wa kilo kadhaa, mwambie muuzaji aivae acheze nusu saa.

7. Andika njia iliyopita, mkono kwa mkono. Msanii, aliyeuza wa kwanza, aliyenunua, aliyerithi, mpaka wewe. Kila mkono andika jina, mji, mwaka, na ushahidi: risiti, barua, picha ya ukutani, orodha ya mali ya mirathi. Pale usipojua acha wazi, usijaze kwa kudhani. Familia zetu zina historia nzuri tu, baba alikuwa mpishi Mufindi, mama alifanya kazi misheni Tosamaganga au Rungwe, mzungu akaondoka akaacha vitu, hiyo ni hadithi inayoaminika kabisa, ila itafutie karatasi. Albamu za zamani ndo hazina. Picha ya harusi ya shangazi mwaka 1974, nyuma ya maharusi unaiona picha yako ukutani, hiyo inazidi vyeti vingi.

Kisha kagua karatasi zenyewe kwa miaka unayoijua:

- Jina "Tanzania" limeanza kutumika Oktoba 1964. Lebo ya 1962 iliyoandikwa Tanzania imetungwa.
- Mkoa wa Njombe umezaliwa 2012, kabla ya hapo ilikuwa ni Iringa. Songwe umetoka Mbeya 2016. Risiti ya 1988 yenye muhuri wa Mkoa wa Njombe, cheka kimoyomoyo urudishe.
- TRA (mamlaka ya mapato) imeanza kazi 1996. Stakabadhi ya TRA ya 1979 hiyo imechapwa stesheneri.
- Namba ya simu ya mkononi kwenye lebo ya picha "iliyouzwa 1971", sina la kuongeza.
- Aliyesema babu alinunua mkononi kwa Tingatinga mwenyewe 1965, au 1975, ameshajijibu.

Usidhani mchezo wa karatasi ni wa huku tu. Mjerumani Wolfgang Beltracchi alibandika lebo za kutunga nyuma ya picha alizochora mwenyewe, mkewe akavaa nguo za kizamani akapigwa picha akijifanya bibi yake, kakaa mbele ya hizo picha ili ionekane ni mali ya ukoo. Kilichowaangusha ni rangi: picha aliyodai ni ya Heinrich Campendonk ya 1914 ilikutwa na nyeupe ya titani ambayo mwaka huo wachoraji walikuwa hawana. Akahukumiwa 2011, miaka sita.

Na ukitaka kuona pengo kwenye mnyororo linavyosumbua, nenda Kalenga hapo nje ya Iringa. Fuvu la Mtwa (mtawala wa Wahehe) Mkwawa siyo picha ya ukutani, ni la heshima, lakini funzo liko pale pale. Mkwawa alijiua 1898 asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 kifungu cha 246 ukaagiza kirudishwe, ikakaa weee mpaka 1954 Gavana Twining alipokabidhi fuvu kwa Wahehe, baada ya kulichagua kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu zake, pamoja na tundu la risasi. Nani alilishika hatua kwa hatua katikati hapo, karatasi hazitoshi, ndo maana wapo wanaohoji mpaka leo.

8. Tafuta mtandaoni. Weka picha yako kwenye Google Lens. Unatafuta vitu viwili: kama kuna pacha wake anauzwa kwa bei ya chai (basi ni ya kiwandani), na kama imeshawahi kuripotiwa imeibiwa. Interpol wana programu ya bure inaitwa ID-Art, unatafuta humo vitu vya sanaa vilivyoibiwa. Kutokuwepo humo haimaanishi ni safi, vingi haviripotiwi. Angalia na matokeo ya minada ya nje, lakini bei ya London ya picha iliyothibitishwa siyo bei ya ya kwako ambayo haijathibitishwa.

9. Ndo sasa umpelekee mtu anayejua. Umeshakuwa na picha, vipimo na mnyororo, hawezi kukuyumbisha. Kwa Tingatinga uliza wazee wa ushirika wao Dar. Kwa vitu vya asili na vya kihistoria anza na Makumbusho ya Boma hapo Iringa, au Makumbusho ya Taifa, Dar. Afisa utamaduni wa halmashauri naye anakuelekeza BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na mambo ya hakimiliki ni COSOTA. Sheria yangu moja tu: anayekuambia thamani asiwe ndiye anayetaka kununua. Akisema "hii haina kitu, ila nikusaidie laki", chukua picha yako uondoke.

Makosa ninayoyaona sana

Kuuliza bei kabla ya kuuliza ni nini. Kutuma picha moja ya simu, ya mbele, imepigwa usiku kwenye taa ya njano, na kutaka jibu. Kubandua lebo ya nyuma "kwa sababu ilikuwa imechakaa", hapo natamani kulia. Kuamini cheti chenye mihuri mingi, maana cheti kinachapwa kwa elfu mbili. Na kumtajia muuzaji unachokitafuta, ukimuuliza "ni ya 1970 eti?" atasema ndiyo, muulize "ya lini?" afu nyamaza. Kesho yake mpigie umuulize tena.

Jambo la sheria, haraka: vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, huwezi kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Zana za mawe za Isimila siyo za kuokota na kupeleka kwa mtalii, hata kama ziko nyingi chini. Ukiletewa uzikague, usizishike.

Ukikwama

*Muuzaji hataki uitoe kwenye fremu.* Omba uione mgongo tu. Akikataa hata hilo, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi.

*Taa ya UV haionyeshi kitu.* Mara nyingi chumba hakina giza la kutosha, au betri. Kaa gizani dakika chache macho yazoee, jaribu tena. Picha isiyo na vanishi inaweza isionyeshe chochote, siyo kosa.

*Pamba imetoka na weusi kidogo tu kwenye kinyago.* Wachongaji wengi wanapaka kiwi hata kwenye mpingo halisi ili ing'ae. Sugua tena hapo hapo na pamba mpya. Ukiendelea kupauka mpaka mti mweupe, siyo mpingo. Ukibaki kahawia ya zambarau au mweusi, tulia.

*Ina koga.* Huku nyanda za juu ni kawaida. Itenge na nyingine, iweke sehemu kavu yenye hewa, siyo juani, na usiipanguse. Koga likikauka ndo fundi anayejua analitoa kwa brashi laini.

*Picha inaonekana ya kweli lakini karatasi ni za kutunga.* Hii ipo, mtu ana kitu kizuri anakiongezea hadithi ili kipande bei. Tenganisha. Zitupilie mbali karatasi kwenye hesabu zako, kitu kikaguliwe kama kimekuja bila chochote.

*Wataalamu wawili wamepingana.* Waulize kila mmoja ameona nini, siyo anaona je. Anayekuonyesha kwa kidole, msumari huu, rangi hii, mwaka huu, msikilize kuliko anayesema "nimekaa kwenye sanaa miaka mingi".

*Hakuna karatasi hata moja na wazee wote wameshafariki.* Basi haijathibitishwa, ambayo siyo sawa na feki. Iuze kwa bei ya pambo, kwenye risiti andika "inadhaniwa ni ya" na siyo "ni ya", au itundike sebuleni mbali na jiko na ukuta wenye unyevu, na ukiendelea kukuta albamu za ndugu kwenye misiba na harusi, pitia ukuta ulioko nyuma ya watu.